Baruti Haipimwi kwa Kiganja

Buyenzi, Avenue ya 14,
Bujumbura.
Jumatatu, 14 Oktoba 2024.

Mpendwa mpwa wangu Tajudini,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba karatasi hii ikukute mzima, wewe, mkeo Lisette na wale watoto wanaoniamkia kwa Kifaransa kama mimi ni mkaguzi wa shule. Baridi ya Saskatoon imeshaanza kuuma? Usisahau kofia. Ukoo wetu una masikio makubwa, na masikio makubwa hupata baridi kwanza.

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mola. Mama yako Saliha anasumbuliwa na goti, lakini goti lenyewe limekuwa na faida, kwa sababu linatangaza mvua kabla ya redio. Tanti yako Mwanne ni mzima, na sauti yake ni nzima zaidi. Binti yetu Soumaya ana mchumba, na habari hiyo nitaigusa baadaye Mungu akipenda.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu tunayo. Ni hivi: simu yangu ilianguka ndani ya beseni la mafuta machafu, na tangu siku hiyo haisikiki mpaka niweke spika kubwa. Kila unachoniambia kinasikika mpaka kwa muuza chapati, na ujumbe wa maandishi Mwanne huusoma kabla yangu. Ninalotaka kukuambia leo halimhusu muuza chapati, wala mtu yeyote wa nyumba hii, na zaidi ya wote halimhusu Mwanne mke wangu. Jirani yetu Huguette anasafiri Jumapili kwenda Montréal kumwangalia binti yake aliyejifungua. Nitampa bahasha, naye akishafika ataipeleka posta. Umesema mtakwenda kuwinda katikati ya Novemba, kwa hiyo itakuwahi.

Kazini hakuna kazi. Petroli imekuwa kama mwezi wa Ramadhani: kila mtu anasema ameiona mahali fulani, ukienda huioni. Pikipiki zimelala, na fundi wa pikipiki naye amelala. Nakuambia haya ili ujue nilipata wapi nafasi ya kufanya niliyoyafanya wiki hizi mbili.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ulinitumia sauti kwamba umenunua gobore, lile la kushindilia kwa mdomoni, kwa sababu huko kwenu magobore yana msimu wake wa kuwinda. Vibali vyote unavyo, sawa. Ukaniambia umewaeleza wenzako wa kiwandani kwamba wewe huhitaji kufundishwa na mtu, maana mjomba wako aliua kiboko kwa gobore pale Kanyosha. Kisha ukaniuliza: kinaanza nini kuingia, baruti kiasi gani, na kile kitambaa ni cha nini?

Tajudini, ilikuwa kabla ya Alasiri, gereji ilikuwa na watu saba wasio na petroli, wote wananitazama. Nilikujibu kwa dakika sita. Nilisema baruti ni kiganja kimoja, na kwa mnyama mkubwa viganja viwili. Nilisema baruti zote ni baruti, chukua utakayoipata. Nilisema risasi mbili hushinda moja. Kuhusu kitambaa, nilisema ni cha kujifutia jasho. Watu saba wakatikisa vichwa kukubali, na mimi nikajiona profesa.

Wa nane alikuwa Gaspard. Humjui, alikuja baada ya wewe kuondoka. Ni mchomeaji vyuma kutoka Fizi, Kongo, Mkristo, mtu mpole anayesali kabla ya kunywa maji. Baba yake alikuwa fundi wa magobore hukohuko Fizi. Hakutikisa kichwa. Alingoja watu waondoke, akaja akasimama karibu nami, akasema polepole: "Mzee, uyu mutoto wako atakufa."

Nikamwambia asiniharibie siku. Akasema: "Apana, mzee. Viganja mbili, na ile baruti ya kisasa? Bunduki itapasukia ku uso. Mi niliona mutu alipasuka ivyo. Tulimuzika na kofia ku uso, sababu uso haikukuwako."

Ningekupigia siku ileile, lakini ningesema nini, na spika kubwa, mbele ya Mwanne? Ndipo nikamwomba Gaspard anifundishe kwanza, nijue, kisha nikuandikie kama mtu anayekumbusha tu jambo dogo alilosahau. Unaona uongo unavyopenda kuoga na kuvaa nguo safi.

Gobore la baba yangu, babu yako, halipo. Alilirudisha mwenyewe wakati watu walipotakiwa kurudisha silaha, akapewa karatasi, na karatasi ikaliwa na mchwa. Kwa hiyo tulitumia bomba la maji. Gaspard aliliziba upande mmoja. Baruti ilikuwa unga wa muhogo tuliouchanganya na majivu ili ufanane. Risasi ilikuwa goroli iliyotoka kwenye biringi ya Toyota. Mdeki, ile fimbo ya kushindilia, ulikuwa ufito wa mwavuli wa mama yako, ambaye bado anautafuta.

Nilianguka mtihani siku tatu mfululizo. Mimi, fundi wa injini kwa miaka arobaini, nilishindwa kukumbuka mambo sita yakifuatana. Mara natanguliza goroli kabla ya unga. Mara nachungulia mdomo wa bomba kuona kama limejaa, na Gaspard ananipiga kofi la begani: "Umekufa! Tena umekufa, mzee!" Siku ya kwanza nilikufa mara tisa.

Siku ya nne akaja Népomuscène, chefu wa kata, na watu wawili nyuma yake. Mtu amempelekea habari kwamba Hamimu anatengeneza bunduki gerejini. Akanikuta nimepiga magoti, nashindilia unga wa muhogo kwa ufito wa mwavuli.

"We Hamimu, unafanya nini apa?"

"Namufundisha mpwa wangu kuwinda."

Akatazama kulia na kushoto. "Iko wapi uyo mpwa?"

"Kanada."

Akavuta stuli akakaa, bila kuomba. Gaspard akamweleza yote. Chefu akaonja unga kwa ulimi, akautema, akaandika jina langu kwenye daftari, akalichukua bomba kuwa ushahidi. Kesho yake asubuhi alilirudisha mwenyewe. Akasema alikuwa ameondoka kabla hajajua kinachofuata baada ya goroli, na hakupata raha. Tangu hapo tuko wanafunzi wawili, na yeye ananishinda. Kumbe hata serikali hunaswa na bomba.

Haya ndiyo aliyonifundisha Gaspard, nayo nimeyakariri kama Fatiha. Yasome mara tatu.

Kwanza kabisa, kabla hujagusa baruti, hakikisha gobore ni tupu. Ingiza mdeki mpaka chini, uweke alama pale unapoishia mdomoni mwa mtutu. Ukishashindilia, weka alama nyingine. Siku zote mdeki utakuambia ukweli: tupu au limejaa. Gaspard anasema watu wengi hawauawi na mnyama bali na kusahau, maana mtu hushindilia, huitwa kunywa chai, hurudi na kushindilia tena.

Baruti ni ile nyeusi tu, au ile iliyotengenezwa kwa ajili ya magobore, na kibati chake kiwe kimeandikwa hivyo. Ile ya bunduki za kisasa usiiruhusu hata kulala chumba kimoja na gobore. Ipime kwa kikombe chake cha kupimia, kiasi kile kilichoandikwa na waliolitengeneza, wala si punje zaidi. Usimimine kutoka kwenye chombo kikubwa moja kwa moja, kwa maana cheche ikiwa imebaki ndani, moto utakufuata mpaka mkononi.

Kitambaa, mpwa wangu, si cha jasho. Hukatwa kidogo, hupakwa mafuta, na huikumbatia risasi isicheze ndani ya mtutu. Risasi ni moja. Isukume mpaka ilale juu ya baruti, pasibaki nafasi. Gaspard anasema: "Baruti na risasi ni bibi na bwana. Ukiacha nafasi katikati, nyumba inapasuka." Kisha utoe mdeki. Nasema tena, utoe mdeki, uutazame kwa macho, uurudishe mahali pake. Fataki, ile inayotoa cheche ya kuwasha baruti, ni ya mwisho kabisa, ukishakuwa tayari kufyatua, na mdomo wa gobore umeelekea mahali ambapo hakuna mtu wala ng'ombe wa mtu.

Na ukivuta lisilie, usiligeuze kulitazama. Lishikilie lilivyo, uhesabu polepole kwa dakika nzima au zaidi, kwa sababu wakati mwingine moto huchelewa njiani. Jioni yake ulioshe kwa maji moto na sabuni, baruti nyeusi hula chuma kuliko chumvi.

Ningeweza kuishia hapo. Ungesoma ukasema, mjomba ni mwalimu. Lakini nimeandika neno "mdeki" mara nyingi mno, na kila nikiliandika naweka kalamu chini. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka thelathini na sita, na imekufikisha wewe kwenye viganja viwili. Sasa nisikilize.

Sikuua kiboko.

Mwaka 1988 nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Baba yake Mwanne, marehemu Mzee Khaled, alikuwa na shamba la nyanya na mboga za lengalenga chini ya Kanyosha, karibu na ziwa. Kiboko mmoja alikuwa amelifanya hoteli yake. Nilikuwa namtaka Mwanne, na Mzee Khaled alikuwa hanitaki mimi. Basi baada ya Alfajiri nilichukua gobore la baba bila kumwambia, nikaenda. Nilikuwa nimemwona baba akishindilia, lakini kumwona mpishi si kujua kupika.

Nilishindilia baruti nyumbani. Njiani sikukumbuka kama nimeshindilia, nikashindilia tena. Nilipofika shambani watu wapatao ishirini walikuwa wamesimama wakipiga madebe, Mwanne mmoja wao, nikaona aibu kuonekana sifanyi kitu, nikashindilia mara ya tatu. Risasi zilikuwa zimebaki kwenye suruali nyingine. Na mdeki niliuacha ndani ya mtutu.

Kiboko alikuwa anakula, wala hakuniangalia. Nilifumba macho, nikavuta.

Sijui kwa nini mtutu haukupasuka. Gaspard alipoisikia habari hii alisema: "Mungu wako aliamuka mapema iyo siku." Nilitupwa nyuma nikaangukia mtaro wa maji. Unyusi wangu wa kushoto uliungua. Ile alama mnayojua ni ya jino la kiboko ni ya moto wangu mwenyewe. Mdeki uliruka kuelekea Kongo, na sikuuona tena mpaka leo. Moshi ulipoondoka, kiboko hayupo, watu wanarudi wakishangilia, na Mzee Khaled ananitoa mtaroni kwa mikono yake akiniita mwanangu.

Ningesema ukweli palepale. Lakini wewe ungesema, Mwanne akikutazama vile?

Mwaka wa kwanza kiboko alikimbia. Mwaka wa tatu alikimbia akichechemea. Soumaya alipozaliwa alikuwa ameshakufa, tena ndani ya ziwa ambako hakuna wa kwenda kuhakikisha, na wewe ulipoanza darasa la kwanza viboko walikuwa wawili. Kila Idi mliniomba niisimulie, na kila Idi nilikuta imenenepa.

Baba yako alipofariki nikakuleta kwangu, ulikuwa hulali bila hadithi hiyo. Nilikuona ukienda shule kifua mbele, mtoto yatima aliyekuwa na mtu asiyeshindwa nyumbani. Nilijiambia uongo huu haumdhuru mtu. Nakupenda kama niliyekuzaa, Tajudini, na nusura nikuue kwa sifa zangu.

Mwanne asijue. Ukishasoma, ichome.

Ijumaa, 18 Oktoba.

Naendelea. Usiichome tena, hakuna haja.

Unajua nusu ya yaliyotokea jana, ngoja nikupe nusu nyingine. Jana walikuja wakwe kumposa Soumaya. Mkuu wa msafara alikuwa Seifu, baba mdogo wa kijana, mtu mzito mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Sebule imejaa, sambusa zimepangwa, mvua inapiga mabati nje kana kwamba inatudai. Mwanne akanitambulisha: huyu ndiye mzee wa nyumba, ndiye yule wa kiboko. Seifu akaomba aisikie habari hiyo kutoka kinywani mwa mwenyewe. Nikakohoa, nikaanza. Nilikuwa nimefika kwenye kiboko wa pili.

Ndipo simu ikalia, ujumbe wako. Nikaugusa, na spika kubwa ikasema mbele ya watu wote: "Mjomba, tumebadilisha, tunakwenda Jumamosi hii. Baruti nimepata ya rafiki yangu, ya kisasa, kali sana. Kitabu kilichokuja na gobore kinasema nipime kidogo, lakini mi nimeona nikufuate we. Viganja viwili."

Watu wakacheka kwa furaha. Seifu akasema mashallah, kijana ana heshima. Mimi sikusikia kitu baada ya "nikufuate we". Barua ilikuwa chini ya mto wangu, na Jumamosi ni kesho kutwa. Nje mvua, chumbani hakuna mtandao, mtandao uko dirishani tu, na dirishani amekaa Seifu. Nikampanda karibu magotini, nikakupigia.

Uliyoyasikia unayajua. Nilipiga kelele usimimine, usimimine, fuata kitabu, mimi sijaua kiboko wala mtoto wa kiboko, mdeki niliuacha ndani, risasi zilikuwa kwenye suruali! Ukasema "Mjomba?" na mtandao ukakatika.

Mama yako Saliha akashika goti. Soumaya akajifunika uso kwa mtandio. Mimi nilikuwa nimesimama na simu, nikingoja Seifu achukue kofia yake aondoke na kijana wake.

Seifu akashusha pumzi ndefu. Akasema: "Alhamdulillah. Bakwetu waliogopa sana kuleta mutoto kwa nyumba ya mutu wa bunduki. Wiki mbili tunasukumana nani atangulie." Akachukua sambusa mbili kwa pamoja. Posa ilipita kabla ya chai kupoa, na tarehe ya ndoa wamesema mwezi wa Shaabani.

Ujumbe wako wa maandishi uliingia baadaye, nikausoma mara nyingi kuliko ninavyosoma jina langu. Umesema umemrudishia rafiki yako baruti yake, Jumamosi huwindi, utakwenda uwanja wa shabaha kwa mzee anayefundisha magobore, ukaanze alifu. Umesema pia umewaambia wenzako kiwandani ukweli na wamecheka mpaka mashine zikasimamishwa. Pole, mwanangu. Na ahsante. Hukuuliza kwa nini nilikudanganya, nami nimeona hilo.

Ila Mwanne hakunena nami. Jana alinyamaza, asubuhi ya leo akanyamaza, na kunyamaza kwa Mwanne ni jambo ambalo hata majirani walikuja kuuliza. Nilirudi kutoka sala ya Ijumaa nikakaa barazani kama mgeni. Akatoka na birika. Akasimama muda mrefu akinitazama nyusi.

Akaniuliza: "Lakini kiboko aliondoka?"

Nikasema aliondoka.

"Akarudi?"

"Apana. Hakurudi."

"Na bengine bote tulikimbia, tuliacha madebe chini. Wewe ulibakia."

Nikamwambia nilibaki kwa sababu nilikuwa mtaroni, siwezi kuinuka.

"Ulibakia," akasema, akanimiminia chai, na sukari akatia mwenyewe. Nimemsomea barua hii yote tangu mwanzo, ameniamuru nisikate hata mstari, ila pale kwenye sauti yake, na hapo wino umeshakauka.

Mama yako Saliha anakusalimu na anasema uvae soksi mbili. Soumaya anakusalimu na anaomba uwepo harusini. Gaspard anakuombea kwa namna ya kwao, Népomuscène anauliza mzee wa huko Kanada anasema nini kuhusu mafuta ya kitambaa, na Huguette anasema nifunge bahasha sasa hivi maana anafunga sanduku. Tanti Mwanne anasema wewe ni mwanawe, na umwambie Lisette akague gobore kabla hujatoka nyumbani.

Mwenyezi Mungu akulinde unapoinama na unapoinuka, aibariki mikono yako na riziki yako, na akurudishe kwa watoto wako kila jioni. Siku ukiwinda, picha ya mnyama usinitumie. Nitumie ya uso wako.

Wako akupendaye daima,
Mjomba Hamimu,
ambaye hajaua kitu kikubwa kuliko panya.